Alama za Mwaka wa Kwanza



Baba mmoja wa Kalundu ametuandikia barua ya kurasa mbili, na swali lake latosha kujaza nafasi yetu ya juma hili. Yeye ni mvuvi. Ana kijana aliyemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na binti aliyekwisha kupata diploma yake ya Serikali, naye angoja zamu yake nyumbani. Fedha zatosha mmoja tu. Sasa kijana amerudi na 54 kwa mia. Baba mdogo wa kijana, ambaye naye huchangia malipo, amesema: "Hizo si alama za mtu wa kusomeshwa. Tumtoe huyu, tumwingize dada yake." Kijana amejibu kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu, na kwamba alama zake hazitazamwi na mtu yeyote baadaye. Mama yao hakusema neno. Baba atuuliza: nani kati ya hawa asema kweli, na kijana mwenye akili ya kawaida afanye kazi kiasi gani?

Tujibu bila kuzungukazunguka. Kijana amekosea, na baba mdogo amekosea zaidi.

Neno la kijana halikutoka hewani. Katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza alama za mwaka wa kwanza hazihesabiwi katika daraja la shahada. Mwanafunzi atakiwa kufaulu tu, nako kufaulu huanza kwenye 40 kwa mia. Desturi hiyo imesafiri katika mazungumzo ya vijana na katika simu zao hata ikafika ufukweni kwetu, ikachukuliwa kama sheria ya dunia nzima. Siyo. Vuka ziwa uende Dar es Salaam, au panda kaskazini mpaka Makerere: huko alama za masomo hujumlishwa tangu muhula wa kwanza, zikafanywa hesabu moja ambayo kilele chake ni 5, na mwenye kutaka daraja la kwanza hana budi kufikia 4.4. Aliyeanza kwa ulegevu atatumia miaka miwili kutoka katika shimo alilolichimba kwa miezi michache. Vijana wetu si haba katika vyuo vya Uganda. Waulizwe wao.

Kwetu Kongo je? Yafaa kwanza kutenganisha mpango wa zamani na mpango wa sasa, kwa maana wazazi wengi, na hata kaka wakubwa waliosoma, wangali wakihesabu kwa ule wa zamani. Zamani palikuwa na miaka mitatu ya graduati na miwili ya lisansi. Kila mwaka ulisimama peke yake. Mwenye 50 kwa mia alipita. Aliye chini ya hapo alirudi katika mtihani wa pili, na aliyeshindwa tena alirudia mwaka. Ukipita, umepita, na mwaka ujao ulianza na ukurasa mweupe. Kwa hiyo wengi waliona kwamba 50 na 65 ni kitu kimoja.

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 Serikali imeagiza mpango mwingine, uitwao LMD, uenezwe katika vyuo vya nchi nzima. Katika mpango huo kila mwaka una krediti 60, nusu yake kwa kila muhula, na lisansi nzima ina krediti 180. Krediti ukishaipata ni mali yako. Somo lililokushinda huandikwa kama deni, nawe walibeba mpaka ulilipe. Hapo ndipo vijana wanapojidanganya. Husikia kwamba mtu aweza kupanda mwaka wa pili hali ana deni, wakafurahi kana kwamba wamesamehewa.

Mzee wetu wa Kalundu ajua deni ni kitu gani. Mvuvi aliyekopa petroli na betri za taa kwa giza la mwezi huu, asipopata ndagala za kutosha, giza la mwezi ujao ataingia ziwani akiwa na mizigo miwili: wa safari mpya na wa safari iliyopita. Ziwa halimpunguzii kitu. Ndivyo ulivyo mwaka wa pili. Una krediti 60 zake, na hazipunguzwi hata moja kwa sababu wewe umekuja na deni. Saa unazozitumia kulipa somo la mwaka jana umezitoa katika somo la mwaka huu, nalo lageuka kuwa deni jingine. Tumewaona vijana wenye akili nzuri wakizunguka hivyo miaka mitano katika masomo ya miaka mitatu, na nyumbani wazazi hawaelewi kwa nini karatasi haiji.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya nyakati zetu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata mia moja katika nchi nzima. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 tu, na chuo cha Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Wakati ule aliyeshika diploma hakuulizwa aliipata kwa alama ngapi. Neno lenyewe "diploma" lilifungua mlango. Leo nafasi moja ya kazi Uvira yaombwa na watu wengi, na wote wana diploma. Mwajiri afanyeje? Afungua karatasi za alama. Chuo kinachotafuta msaidizi wa profesa kwa kawaida hutazama waliopata distinksioni, yaani 70 kwa mia na kuzidi. Mfadhili hutazama vilevile. Na anayeomba msaada wa masomo akiwa katika mwaka wa pili, ana alama gani nyingine za chuo za kuonyesha isipokuwa zile za mwaka wa kwanza?

Basi kijana asiseme tena kwamba hazitazamwi.

Lakini sasa tumgeukie baba mdogo, kwa maana neno lake ndilo lenye hatari. Kwanza, 54 ni kufaulu. Katika hesabu ya Kongo yaitwa satisfaksioni, na idadi kubwa ya waganga, walimu na mahakimu wanaotuhudumia waliwahi kuipata. Pili, 54 ni wastani, na wastani huficha mengi. Tuwaweke vijana wawili mbele yetu. Mmoja amepata 11 juu ya 20 katika kila somo. Mwingine amepata 16 katika nusu ya masomo na 6 katika nusu nyingine. Wote wawili wana 55 kwa mia, ila hawaugui ugonjwa mmoja. Wa kwanza amefanya kila kitu kwa kiasi, pengine bila kupenda chochote. Wa pili ana uwezo, bali kuna mahali paliposhikana: labda hesabu hakufundishwa vizuri sekondari, labda hasikii Kifaransa cha profesa fulani, labda muhula mmoja aliugua malaria wala hakuandika nyumbani. Kuwapima hao kwa namba moja ni sawa na mganga anayewapa wagonjwa wote dawa moja kwa sababu wote wana homa.

Kwa hiyo, mzee wetu, omba karatasi yenyewe, usiridhike na namba uliyoambiwa kwa mdomo. Isome somo kwa somo pamoja na kijana, mama akiwapo. Tazama hasa muhula wa kwanza na wa pili. Aliyepata 9 mwanzo na 12 mwisho ameanza kujua njia. Kwake yeye neno "kuzoea" ni la kweli, na mwaka wa pili utamkuta amesimama. Aliyeanza na 13 akamaliza na 9 anateremka, hata kama jumla yake inafanana na ya mwenzake. Huyo ndiye wa kuulizwa kwa upole na kwa kina: ni marafiki, ni njaa, ni pombe, ni mapenzi, au ni moyo uliokata tamaa kwa sababu alipelekwa kusoma jambo asilolitaka?

Twasema hili la mwisho kwa makusudi. Kila mtu wa Kivu ajua jina la Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Si wengi wanaojua kwamba hakuanza chuo kikuu katika uganga. Alipomaliza sekondari Bukavu mwaka 1974 alikwenda Kinshasa, akakaa miaka miwili katika masomo ya uhandisi. Mwaka 1976 ndipo alipopata njia ya kuingia masomo ya uganga katika Chuo Kikuu cha Burundi, ng'ambo yetu hapa, naye akamaliza mwaka 1983. Kazi yake ya kwanza aliifanya katika hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi. Kama jamaa zake wangempima kwa miaka miwili ile ya Kinshasa peke yake, wangesema kijana huyu amepotea.

Na Mwalimu Julius Nyerere? Alipokuwa Edinburgh, kuanzia mwaka 1949 hata 1952, alichagua shahada ya kawaida yenye masomo mapana, si ile ya heshima ambayo wengi huitafuta kwa ajili ya jina. Alisoma historia, uchumi, falsafa na mambo ya sheria za nchi. Hakuna mtu aliyemwuliza daraja la shahada yake alipokuwa akiiongoza Tanganyika kuelekea uhuru wa mwaka 1961. Hatusemi hivi ili kijana wa Kalundu ajifananishe na Nyerere akalale. Twasema ili baba mdogo asifanye namba moja ya mwaka mmoja kuwa hukumu ya maisha.

Sasa swali la kazi: kiasi gani?

Hapa twaweza kuhesabu. Mpango wa krediti umetoka Ulaya, na huko krediti moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, darasani na nje ya darasa pamoja. Krediti 60 ni saa 1,500 kwa uchache. Tuseme mwaka wa masomo una majuma 36 ya kazi. Gawanya, utapata kama saa 42 kwa juma. Saa 42 ni siku sita za saa saba, na Jumapili inabaki huru. Si kazi ya mtumwa. Fundi seremala hufanya zaidi ya hapo, na mama auzaye ndagala hufanya zaidi ya fundi seremala. Bali ni saa 42 za kweli: simu imefungwa, kalamu iko mkononi. Kijana akae jioni moja aandike saa zake za juma lililopita bila kujipendelea. Wengi watashangaa kuona kwamba walikuwa chuoni saa sitini na kusoma saa kumi na tano.

Twajua kwamba katika vyuo vyetu saa haziji kwa mpangilio. Profesa mgeni atoka mbali, afundisha somo la saa 45 katika siku sita, asubuhi na alasiri, kisha afanya mtihani na kuondoka. Kabla yake palikuwa na majuma mawili ya kukaa bure. Hapo ndipo mwaka wa kwanza unapowaangusha vijana wetu, kuliko ugumu wa somo lenyewe. Walizoea sekondari, ambako mwalimu aliandika ubaoni na mwanafunzi akanakili, kila siku kidogo. Sasa mtu asema Kifaransa cha haraka katika ukumbi wenye mamia ya vijana, na walio nyuma husikia nusu. Profesa akiondoka ameondoka na maswali yao.

Dawa yake ipo, nayo si siri. Majuma yale mawili ya kukaa bure ndiyo majuma ya kazi. Tafuta silabusi ya mwaka jana kwa waliotangulia, hata ikiwa imechakaa. Isome kabla profesa hajafika, weka alama mahali usipoelewa, na maneno mapya ya Kifaransa yaandike katika daftari dogo pamoja na maana yake. Siku ile atakapofundisha, wewe utakuwa unasikia mara ya pili, na mkono wako utainuka kuuliza. Wavuvi hufanya hivyo. Mbalamwezi ikiwaka hawaendi kutega ndagala, lakini hawalali mchana na usiku. Huketi ufukweni wakishona nyavu na kutengeneza taa. Giza likija, mwenye wavu uliochanika hana la kusema.

Jambo la pili ni namna ya kusoma. Vijana wengi husoma kwa kurudia: wasoma ukurasa, wausoma tena, wapiga mstari chini ya maneno, waona wanaujua. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Washington, katika mji wa St. Louis huko Marekani, walilipima jambo hili. Waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliambiwa wairudie habari. Wengine waliambiwa wafunge karatasi na kuandika yote wanayoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliofunga karatasi na kujiuliza walikumbuka zaidi. Hii ndiyo sababu mtu aingia mtihani akisema "nilisoma yote", naye husema kweli, lakini hakumbuki. Basi soma, funga, andika, kisha fungua ujisahihishe. Mwenye mwenzake na waulizane. Jambo hili halihitaji umeme wala fedha, na laweza kufanywa gizani siku ambazo umeme umekatika.

Na usingizi. Katika majuma ya mitihani huwaona vijana wameweka miguu katika beseni la maji baridi usiku wa manane ili wasisinzie, macho mekundu, kahawa kavu tumboni. Wazazi husifu: "Mwanangu asoma mpaka asubuhi." Msimsifu. Yale aliyoyasoma mchana hujipanga kichwani wakati wa usingizi; asiyelala ni kama mtu anayemwaga unga sakafuni bila kuuweka ghalani. Usiku mmoja wa namna hiyo kabla ya mtihani waweza kumwangusha kijana katika somo alilolijua. Kijana alale saa saba au nane. Kama kazi haikwisha, sababu yake iko katika majuma yaliyopita.

Kuhusu distinksioni tuseme neno moja. Anayeiweza na aitafute, naye ataifurahia baadaye. Lakini tusiwatie vijana wote nira moja. Kijana aliyetoka sekondari ya kijijini, ambako kemia ilifundishwa bila hata chupa moja ya maabara, akipata 58 mwaka wa kwanza kwa jasho lake, amesafiri mbali kuliko mwenzake wa mjini mwenye 70. Anayejiua kwa kazi mwaka wa kwanza ili apate sifa, akaugua tumbo na kichwa mwaka wa pili, amefanya hesabu mbaya. Afadhali 62, 65 na 68 kwa miaka mitatu kuliko 74 na kisha kitanda cha hospitali.

Liko jambo jingine ambalo barua haikulitaja, nasi hatuwezi kulinyamazia, kwa kuwa msukumo wa namba ndio unaolizaa. Ni alama za bahasha. Kila mtu amesikia habari za alama zinazouzwa, na za wasichana wanaoombwa miili yao ili wapite. Mzazi anayemkemea mtoto kwa ukali juu ya 54, asiulize 70 ya mwaka ujao imetoka wapi, anamsukuma kuelekea bahasha. Alama iliyonunuliwa hailipi deni la somo. Muuguzi asiyejua kupima dawa atafika siku moja kwenye kitanda cha mtoto. Na msichana anayetishwa ajue kwamba sheria iko upande wake: sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 yahesabu usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Asinyamaze. Amwambie mzazi wake na mtu mzima mmoja amwaminiye chuoni, naye mzazi asianze kwa kumlaumu yeye.

Turudi kwenye shauri la nyumba ya Kalundu. Kwa maoni yetu kijana asitolewe. Mwaka mmoja umekwisha kulipwa, krediti zake ni mali, na kuziacha ni kama kuuza mtumbwi kwa sababu safari ya kwanza ililetea samaki wachache. Lakini asirudi bure. Akubali mbele ya baba yake na baba yake mdogo kwamba karatasi ya kila muhula italetwa nyumbani, na kwamba madeni yake ya masomo, kama yapo, yatalipwa kwanza. Baba mdogo achangiaye ana haki ya kuiona karatasi hiyo. Hana haki ya kuwageuza ndugu wawili kuwa washindani.

Maana binti naye yumo. Ana diploma yake. Naye alifaulu Exetat, wala barua haisemi kwa alama ngapi, jambo linalotushangaza kidogo, kwa kuwa za kaka yake tumeambiwa. Kama ni yeye aliyetangulia chuoni akarudi na 54, je, barua ingeandikwa, au angekwisha kutafutiwa mume? Tunauliza tu. Uvira penyewe kuna vyuo, na mtu asomaye akilala kwao hana kodi ya chumba wala nauli ya kupanda Bukavu. Huenda fedha zisizotosha wawili mbali zikatosha mmoja mbali na mmoja nyumbani. Mama, ambaye hakusema neno, huenda ndiye ajuaye hesabu hiyo kuliko wote. Aulizwe.

Mwisho tuseme juu ya karatasi yenyewe, kwa maana hapa kwetu ina kazi ambayo Uingereza haina. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na madaraja, na pamoja na vitanda na masufuria maji yalichukua vyeti. Mwezi wa Februari 2025 vita viliingia Bukavu, na wanafunzi wengi wa pwani yetu wakatengwa na vyuo vyao. Mwezi wa Desemba mwaka uleule vita vilifika Uvira, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuingia Burundi na vitu walivyoweza kubeba. Kijana anayebisha hodi katika chuo cha Bujumbura, Kampala au Lubumbashi baada ya mambo kama hayo hana profesa wa kumshuhudia wala baba wa kumlipia mwaka aliokwisha kuusoma. Huulizwa: umesoma masomo gani, saa ngapi, kwa alama ngapi? Mwenye karatasi hupokewa, na mara nyingi masomo yake huhesabiwa. Asiye nayo huanza upya, hata kama alikuwa wa kwanza darasani. Na wengi waliokimbia walikuwa na mwaka mmoja tu wa chuo nyuma yao. Alama za mwaka wa kwanza ndizo mali pekee waliyokuwa nayo ya kuonyesha.

Kwa hiyo kijana, ukirudi chuoni, usingoje mwisho wa miaka mitatu. Omba karatasi ya alama ya mwaka wa kwanza ikiwa na sahihi na muhuri, hata kama yakubidi kupanga foleni siku tatu. Tengeneza fotokopi mbili. Ya asili itie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji na uifunge pamoja na diploma yako ya Serikali. Fotokopi moja mwachie mama. Ya pili ipelekwe kwa ndugu anayekaa mbali na mto na mbali na barabara kuu. Kisha ipige picha kwa simu, uitume kwa shangazi au kaka aliye nchi nyingine, umwambie asiifute.